Fimbo ya mwanzi kwenye maji ya baridi: dalili, sababu na dawa mwanzoni mwa msimu wa trauti

Mvuvi akirudi mtoni mwanzoni mwa majira ya kuchipua, theluji ikiwa bado imejibanza vivulini, malalamiko yake huja yamefungwa bunda moja: fimbo nzito, mshipi haunyooki, samaki hawagusi, kiungo hakitoki. Ukimsikiliza utadhani mwanzi umezeeka usiku mmoja. Mara nyingi mwanzi hauna kosa lolote. Uliza kwa mpangilio huu: kwanza joto la maji, kisha mshipi, kisha viungo vya chuma, na mwanzi wenyewe uwe wa mwisho kulaumiwa. Anayeanza na mwanzi huishia kumpelekea fundi fimbo isiyo na ugonjwa, au, vibaya zaidi, kuanza kuitibu mwenyewe.

Ili tuelewane: mshipi hapa ni ule mnene unaotupwa, uzi ni nailoni nyembamba inayoungwa mbele yake, nzi ni chambo bandia kilichofungwa kwenye ndoana, isipokuwa nikisema vingine, na kiungo ni ile mirija ya chuma inayounganisha vipande vya fimbo, dume likiingia ndani ya jike.

Samaki hawagusi kabisa

Kabla hujabadilisha nzi, tia kipimajoto majini. Joto la mwili wa trauti, samaki tunayemvua hapa, hufuata joto la maji. Chini ya nyuzijoto 4 za Selsiasi husaga chakula polepole mno, na hana sababu ya kutoka mafichoni kufukuza kitu. Kati ya 5 na 8 anakula, ila kile tu kinachompitia mdomoni. Yanapokaribia 10 ndipo anaanza kupanda juu kwa hiari yake.

Kwa hiyo kama kipimajoto kinasoma 5, achana na maji ya mbio yenye kina kifupi, hata kama ndiyo yaliyokupa samaki wengi kiangazi. Tafuta maji mazito yanayotembea taratibu: nyuma ya mawe makubwa, upande wa ndani wa kona, mkiani mwa kilindi. Nzi apite karibu kabisa na chini, tena kwa mwendo wa maji yenyewe.

Sababu ya pili ni kuwahi. Uvuvi wa alfajiri una heshima yake, lakini si wakati huu wa mwaka. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri panatosha. Muda uliobaki lala, au futa viungo vya fimbo.

Hapo kuna mtego. Kwenye mto unaolishwa na theluji, jua kali la mchana huyeyusha theluji milimani, na maji hayo yanakufikia alasiri yakiwa baridi na yenye rangi. Hewa inazidi kupata joto huku mto ukizidi kupoa. Pima mara mbili, saa nne na saa saba. Kama joto limepanda hata nyuzi moja, kaa papo hapo na usubiri. Kama limeshuka ilhali jua linawaka, hama: tafuta kijito kinachotoka kwenye chemchemi, kwa kuwa maji ya ardhini hayabadiliki sana joto mwaka mzima, na msimu wa baridi huwa na joto kuliko mto mkubwa. Mwelekeo wa kipimajoto unaeleza mengi kuliko namba yenyewe.

Sababu ya tatu ni nzi asiyefika chini. Dalili yake ni kwamba hujakwama hata mara moja. Wengi hapa hubana chubwi tatu au nne kwenye uzi, na hapo ndipo fimbo ya mwanzi inapoanza kuumia, maana ncha yake nyembamba inalazimika kubeba uzito ambao haukuumbiwa, mtupo baada ya mtupo. Jaribu kwanza njia nyingine: refusha uzi na uupunguze unene, kwa sababu uzi mwembamba unasukumwa kidogo na mkondo na unazama haraka, tupa juu zaidi ya mkondo ili nzi apate muda wa kushuka, tumia nzi mdogo mwenye shanga ya tungsteni, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa takriban mara 1.7 ya madini ya risasi. Ikiwa hata hivyo hafiki, maji hayo ni ya fimbo ya kaboni, na hakuna aibu kuichukua.

Unapotupa nzi mwenye shanga, fungua kitanzi cha mshipi: nyuma upite pembeni, mbele upite juu, mkono uchore duara badala ya mstari. Shanga ya chuma ikiupiga mwanzi kwa kasi inaacha nukta ndogo kwenye vanishi, na chini ya nukta hiyo nyuzinyuzi zimekatika. Fimbo haitavunjika siku hiyo. Itavunjika mwezi ujao, kwa samaki mdogo, na wewe utamlaumu fundi.

Jambo moja la pembeni: trauti wa kahawia hutaga vuli, na wachanga wao bado wamo ndani ya changarawe majira ya kuchipua yanapoanza. Trauti wa upinde wa mvua wengi hutaga wakati huohuo wa kuchipua. Ukiona kipande cha changarawe kilichosafishwa, cheupe kuliko kinachokizunguka, usikikanyage.

Wanaibuka, lakini wanamkataa nzi

Hii ni dalili nzuri. Samaki wapo na wanakula. Kilichobaki ni kujua wanakula nini na wapi.

Angalia povu. Trauti akimeza mdudu juu ya maji, huvuta na hewa, na baada ya mviringo hubaki vipovu viwili vitatu. Ukiona mgongo na pezi tu, bila povu, anakula sentimita chache chini ya uso wa maji, na nzi wako anayeelea kwa madaha hamhusu. Mfunge nzi laini wa kuzama, umwache apite chini kidogo tu.

Wakati huu wa mwaka wadudu ni wachache na wengi wao ni wadogo: visubi, na wale wa jenasi Baetis, ambao mabawa yao ya kijivu husimama wima wakielea. Baetis hupenda siku za mawingu na manyunyu, siku zilezile ambazo watu hubaki nyumbani. Ndoana namba 18 hadi 22 ndiyo saizi yao (namba ikipanda, ndoana inapungua), ingawa Baetis rhodani wa Ulaya ni mkubwa kidogo na anavumilia 16. Mashariki ya Amerika Kaskazini yupo Epeorus pleuralis, anayeanza kutoka maji yanapokaribia nyuzijoto 10. Huyu ana tabia ya kuvua gamba chini ya maji na kupanda juu mabawa yakiwa yameshafunguka, ndiyo maana nzi wa kuzama mwenye mabawa humshinda wa kuelea hata pale wanapoonekana wengi juu.

Kama mdudu ni sahihi na bado anakataliwa, nzi wako anaburutwa. Tazama mapovu ya mto yaliyo karibu naye; akiyapita au akipitwa nayo, samaki ameshajua.

Na kama wanagusa lakini hawanasi, punguza nguvu. Samaki wa maji baridi hudaka polepole na hutema polepole. Inua ncha ya fimbo, usiichape. Mwanzi hupinda pole na hulinda uzi mwembamba vizuri, lakini ukichapa, ncha hushuka kwanza kabla ya kupanda, na nafasi imepita.

Fimbo haina uhai, mshipi unaanguka lundo

Kwanza angalia namba ya mshipi. Namba hiyo inatokana na uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9 na kidogo: namba 4 ni takriban gramu 7.8, namba 5 ni 9.1, namba 6 ni 10.4. Sasa fikiria kijito chembamba ambako unatupa mita sita tu. Mshipi ulio nje hautoshi kuipinda fimbo, na mwanzi usiopinda hautupi. Kupanda namba moja kwa mitupo mifupi ni dawa halali. Lakini ukihamia mto mpana na kutoa mita 15, rudi kwenye namba ya awali, la sivyo fimbo itaelemewa.

Fimbo za zamani zina herufi badala ya namba, na hapa wengi hupotea. Herufi zilipima unene wa mshipi wa hariri, si uzito. Kwa takriban, HEH ni namba 5 na HDH ni namba 6, zote za mshipi uliochongoka pande zote mbili. Chukua hayo kama mwanzo wa majaribio. Hariri ni nyembamba kuliko plastiki ya uzito uleule, na fimbo mbili zenye herufi zilezile zinaweza kutaka mishipi tofauti.

Kama mshipi ni sahihi, angalia mkono. Aliyezoea kaboni hupeleka mbele kabla mtupo wa nyuma haujanyooka, na fimbo ya mwanzi haisamehi haraka hiyo. Geuza shingo utazame nyuma. Ukiona kitanzi bado kinafunguka wakati mkono wako umeshaanza kwenda mbele, tatizo umelikamata. Ngoja kidogo, kisha kidogo tena. Mafundo yanayojifunga yenyewe kwenye uzi nayo hutokana na jambo hilohilo: nguvu ya ghafla mwanzoni, badala ya kuongezeka polepole hadi mwisho.

Mshipi wa plastiki pia huwa mgumu kwenye baridi na hutoka kwenye rili ukiwa umejiviringa. Toa mita kumi na uzivute kwa mikono miwili, kipande kwa kipande, ukishikilia kila kimoja sekunde chache. Usiifanye kazi hiyo kwa kuvuta mshipi kupitia fimbo iliyopinda. Mshipi uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya joto hautanyooka vyovyote utakavyofanya, uhifadhi.

Yote hayo yakiwa sawa na fimbo bado ni nyororo kuliko ulivyoijua mwaka jana, hapo sasa mshuku mwanzi. Mwanzi ulionyonya unyevu hupoteza ukakamavu. Uning'inize bila mfuko kwenye chumba kikavu, mbali na jiko na hita, kwa wiki kadhaa, kisha ujaribu tena.

Pete zinaganda barafu

Hewa ikiwa chini ya sifuri, kila unapovuta mshipi kupitia pete unaacha maji, na maji yanaganda. Anza na pete ya nchani, ndiyo ndogo kuliko zote. Izamishe ncha mtoni kwa muda mfupi, kwa sababu maji ya mto yana joto kuliko hewa, na barafu itaachia. Usiibanjue kwa kucha wala kuigonga. Pete hiyo imekaa juu ya mwanzi mwembamba sana, na nyuzi za hariri zilizoifunga hazipendi kusukumwa pembeni.

Kinga bora ni kutoa urefu mmoja wa mshipi na kuvua nao bila kuuvuta na kuuachia kila mara. Mafuta ya midomo yakipakwa kwenye pete husaidia kwa muda. Mshipi wa hariri ukianza kuzama na kunywa maji, hali huwa mbaya maradufu. Ufute, upake tena mafuta yake, au uhesabu siku imekwisha.

Kitu kinagonga ndani ya fimbo

Sauti ndogo ya tik kila unapotupa. Usiendelee kutupa ukitumaini itaondoka. Toa rili, shika mpini, na uitikise fimbo taratibu huku kidole cha shahada cha mkono wa pili kikiwa kwenye kiungo, nusu juu ya chuma na nusu juu ya nyuzi za hariri. Kisha sogeza kidole na urudie, kiungo hadi kiungo, halafu katikati ya vipande. Kidole husikia kabla ya sikio.

Mlio ukisikika pale dume linapoingia ndani ya jike, ama hukulisukuma hadi mwisho, ama chuma kimelika. Vitoe, vifute kwa spiriti, uvirudishe. Kama bado panacheza, nta ya nyuki kidogo sana, iliyopakwa na kufutwa hadi isionekane, itakufikisha jioni. Chuma kilicholika kweli ni kazi ya fundi.

Mlio ukisikika pale mwanzi unapoingia kwenye chuma, gundi imeachia. Ishara nyingine ni ufa mwembamba wa vanishi unaozunguka ukingo wa chuma, au tone la maji linalotoka chini ya nyuzi ukibana. Acha kuvua na fimbo hiyo leo hii. Kila mtupo unasaga mwanzi ndani ya kiungo, na kinachosagika hakirudishwi.

Mlio katikati ya kipande, mbali na chuma, ndio mbaya kuliko yote. Fimbo hizi huundwa kwa vipande sita vya pembe tatu vilivyogundishwa pamoja. Gundi kati ya viwili ikiachia, vinasuguana. Fimbo kuukuu zilizotumia gundi ya ngozi huathirika zaidi, kwa kuwa gundi hiyo haipendi maji wala joto. Shika kipande kwa mikono miwili na ukizungushe kidogo sana kwenye mwanga mkali: mstari unaofunguka kama uzi mweusi kwenye moja ya kona sita ndio jibu. Usidondoshee gundi ya dukani. Fundi atakayefuata atalazimika kuiondoa yote kabla ya kuanza kazi.

Kiungo hakitoki

Giza linaingia, vidole vimekufa ganzi, na fimbo iliyounganishwa asubuhi haitaki kuachana. Sababu ya kawaida ni mchanga laini au maji yaliyokaukia ndani, au uchafu ulioganda juu ya chuma, ambacho kwa kawaida ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Viungo hivi hukaa kwa kubanana tu, kwa hiyo chembe moja inatosha kuvikwamisha.

Usizungushe. Mwanzi una nguvu kubwa ukivutwa kwa urefu na nguvu haba ukisokotwa, na gundi iliyo chini ya chuma ni dhaifu zaidi. Usitumie koleo. Usishike pete.

Chuchumaa, pitisha fimbo nyuma ya magoti, mikono ikishika pande mbili za kiungo karibu kabisa na chuma, mikono ya mbele ikiegemea nje ya magoti. Sasa fungua magoti polepole. Nguvu inatoka mapajani, inakuwa sawa pande zote na inakwenda kwenye mstari mmoja. Mkiwa wawili, msifanye kosa hili: mmoja ashike kipande cha juu na mwingine cha chini, kisha mvutane. Mmoja akiteleza, fimbo inapinda na kukatika. Kila mtu aweke mkono mmoja juu ya kiungo na mmoja chini, mvute pamoja kwa hesabu.

Isipotoka, pasha jike peke yake kwa kiganja au kitambaa cha vuguvugu. Chuma cha nje kitapanuka kabla ya cha ndani. Jaribu tena. Bado? Ibebe nzima nyumbani, hata ikibidi itokeze dirishani, tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwenye mdomo wa kiungo, ilale hadi kesho. Likitoka kwa mlio wa pop, usishtuke. Hewa imeingia ghafla, na ni ushahidi kwamba kiungo kimetengenezwa vizuri.

Ncha imepinda na hairudi

Mpindo mdogo kwenye ncha ya fimbo ya zamani si ugonjwa. Ukionekana tu unapofunga jicho moja na kutazama kwa urefu, achana nao.

Mpindo unaoongezeka wiki hadi wiki una chanzo: chubwi nzito, fimbo iliyoegemezwa ukutani ikiwa na unyevu, au samaki wote kupigwa upande uleule. Hili la mwisho lina dawa rahisi. Ukimpata samaki mzuri, geuza fimbo ili rili na pete zitazame juu, umalizie pambano hivyo. Mkazo unahamia upande wa pili. Kunyoosha kwa joto kunawezekana, lakini si kwako wewe juu ya jiko, maana joto linalolegeza mwanzi linaweza kulegeza na gundi.

Kukatika kwa ncha ni habari fupi. Mlango wa gari. Kumvuta samaki wavuni huku fimbo imesimama wima na ncha imekunjwa kuwa pembe. Kung'ang'ania nzi aliyekwama kwa kuipinda fimbo. Nzi akikwama, elekeza fimbo moja kwa moja kwake, shika mshipi kwa mkono na uvute nyuma. Kinachokatika kiwe uzi.

Vanishi inanata au imepata ukungu mweupe

Weupe ni unyevu ulionaswa, na karibu kila mara chanzo ni mfuko wa kitambaa uliorudishwa ukiwa na maji ndani ya bomba la alumini lililofungwa vizuri. Kunata husababishwa na joto, hasa bomba lililoachwa kwenye gari juani, au na dawa ya mbu yenye DEET iliyobaki viganjani, ambayo hula vanishi na mshipi wa plastiki pia. Nawa mikono kabla ya kushika fimbo.

Weupe mchache huondoka wenyewe fimbo ikikauka polepole. Kama mfuko umegandamana na vanishi, usiubandue kwa nguvu. Acha vyote vipoe mahali pa baridi, kisha vuta pole kwa kufuata urefu wa fimbo. Na kila jioni, kabla ya jambo lolote: futa vipande kwa kitambaa kikavu kuanzia mpini kwenda nchani, futa dume na ndani ya jike, tundika fimbo na mfuko mbalimbali, acha kifuniko cha bomba wazi hadi asubuhi.